Iko Njiani

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mtaalamu mmoja amesema redioni kwamba neno zuri huvuta watu. Kumbe! Huenda kinachofukuza wateja wangu ni mdomo, si mkono. Alexis, fundi cherehani mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, hushona kola zilizopinda, na foleni iko kwake. Kuanzia leo, hapa kwangu neno "bado" ni marufuku.

Jumanne
Jaribio la kwanza. Mama Jemima ameona nilivyounguza suruali ya mumewe kwa pasi. Nikamwambia sasa inapitisha hewa. Alilitazama tundu muda mrefu, akaondoka bila kugombana. Ajabu. Neno moja tu!

Jumatano
Mama Musoki, mkubwa wa wamama wa parokia, amekuja kuulizia gauni. Binti yake anaolewa Jumamosi. Akiridhika, sare arobaini za wamama ni zangu. Kikwembe chake, kitenge cha kushonea gauni hilo, kina wiki mbili rafuni, mkasi hakijauonja. "Bado" ilifika ulimini. Nikaimeza, nikasema iko njiani. Uso ukamchanua, akarudi kwao Ngezi mbiombio. Mbona haraka hivyo?

Alhamisi
Nimepata jibu. Alidhani nimetuma gauni kwa pikipiki. Jana alisimamisha kila pikipiki iliyopita kwao, akapekua mizigo. Dereva mmoja alikuwa amebeba kuku tu.

Ijumaa
Amekuja mwenyewe, akakiona kikwembe rafuni. Hakupiga kelele. Alisema polepole: "Anaclet, mutoto yangu anaolewa kesho, na weye unanichezea?" Machozi yalimlengalenga. Niliona haya, haya ya kweli. Nikaapa nitashona mpaka asubuhi. Akachukua kitambaa, akavuka barabara. Nikamfuata, kusikiliza tu. Alexis alimwambia gauni hataweza, siku moja haitoshi. Ataweza blauzi na sketi. Alikataa waziwazi, na mama akamshukuru! Nimewaza jioni nzima. Sielewi.

Jumatatu, 9 Juni
Jana baada ya misa walitangaza: sare zote arobaini kwa Alexis. Iliniuma sana. Lakini nimechunguza, na kosa nimelipata. "Njiani" ni mbali mno. Mtu akisikia njia anafikiria safari, anachoka.

Leo asubuhi Mama Annette ameulizia sketi ya binti yake. Kitambaa chenyewe sijakiona tangu Pasaka. Nikamwambia kwa sauti tamu kwamba iko mlangoni.

Ametabasamu, akavuta kiti. Anautazama mlango. Mpaka sasa mambo yanakwenda vizuri.