Mukwe, Treni na Sahani ya Sombe

Leo nimejipaka haya mimi mwenyewe, bila kusaidiwa na mutu.

Wakwe walikuya hapa kwangu Katoyi kuposa mujukuu wangu Furaha. Tangu asubui nilikuwa namwambia: "Leo usiongee sana. Usituharibie." (Kumbe wa kuharibu ni nani?)

Tukaomba, tukapakua. Baba ya kijana, muzee mumoya wa upande wa Bukavu, shimizi nyeupe pee, shati ya siku kubwa, akaanza kusifu treni. Alitumika ku treni miaka mingi kule Kalemie. Akasema: "Siku moya itafika mpaka hapa Goma."

Ningenyamaza. Sikunyamaza.

"Muzee, treni gani itapanda milima ya Masisi? Hata chukudu yetu ya mbao, ya magurudumu mawili, tunaisukuma watu watatu!"

"Mama, inapanda."

"Haipande!"

Furaha akanifinya chini ya meza. "Koko, wacha!" Nikasogeza mguu. (Masomo sina. Lakini milima? Nimezaliwa juu yake!)

Nikakamata sahani kubwa ya sombe, yale majani ya muhogo, nikaweka kiazi juu. "Angalia, Muzee. Huu ni mulima. Kiazi hiki ni treni." Nikainua upande wangu. Treni ikateremuka mbio.

Na mulima wote ukaifuata!

Sombe yote na mafuta yake ya mawese, pwaa, ku kifua ya muzee. Mpaka ku suruali. Yesu wangu!

Kijana akaangalia chini. Furaha akaanza kulia.

Muzee akaokota kiazi ku mapaja yake, akasema polepole: "Mama, treni haipandake mulima mbele-mbele. Inazungukaka kidogo kidogo, sawa njia ya ng'ombe."

Njia ya ng'ombe! Mimi niliyechunga ng'ombe za baba yangu mpaka siku ya kuolewa! Sijaona hata moya ikipanda wima.

Nikapiga magoti, na miguu hii inayoniuma. "Papa, nisamehe. Mutoto hana kosa. Ni mimi."

Alirudi kwake na shimizi ya marehemu bwana yangu, huku chini amefunga kikwembe changu cha maua. Katoyi nzima iliona. Ku mulango akageuka: "Tutakuya dimanche, siku ya kanisa, kusikia jibu. Lakini Mama, chakula apakue Furaha."

Basi musicheke. Shimizi yake iko ndani ya beseni, nimeisugua mara tatu, bado iko ya rangi ya machungwa. Mwenye kujua namna ya kutoa mawese ku kitambaa nyeupe, aniandikie mbele ya dimanche. Wengine wote mukae kimya.