Sharbati Yenye Umri

Jumamosi, 16 Desemba

Kuna jambo sijamwambia mtu. Si Mama, si Bibi, wala mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, ambaye anadhani mimi ni mtoto mtulivu. Mimi, Ulfat, niliyehifadhi juzuu nane, najua namna ya kunywa wiski. Sijaionja hata tone. Lakini ungekuwa mtihani, ningepasi.

Nimejifunza juu ya paa. Nyumba ya jirani imegeuzwa nyumba ya wageni, na paa lake na letu yametengwa na ukuta wa kufika kiunoni. Kila alasiri, jua likilegea, nnakwenda kuanua nguo. Na kila alasiri Wazungu watatu wanakaa upande wa pili: mnene, mwembamba, na mwenye ndevu nyekundu. Wamekuja kupumzika kwa Krismasi, na kila mmoja kaja na chupa zake kutoka kwao. Kazi yao ni kuonjeshana. Wananyanyua gilasi kwenye mwanga. Wanatia pua ndani. Wanafumba macho. Mnene anasema anasikia peasi. Mwembamba anasema hapana, ni ngozi ya kiatu kikuukuu. Ndevu Nyekundu anasema moshi. Kisha wanagombana kama inafaa kutiwa matone ya maji. Watu wazima!

Na mimi nimefunga Ramadhani, koo limekauka, nimekumbatia shuka, nasikiliza. Leo nilimuuliza mwalimu wa chuo kama kusikia kunabatilisha saumu. Akauliza kusikia nini. Nikasema basi.

Jumapili, 17 Desemba

Hind! Nikiandika jina lake kalamu inatoboa karatasi.

Hind ni binti ami yangu. Tunaishi nyumba moja, kwa Bibi. Kanizidi mwaka mmoja na maneno elfu. Ami yetu mwengine, Ami Sleiman, anakuja kutoka Maskati kula Idd, na safari hii ataondoka na mmoja wetu akasome huko. Mmoja tu. Skuli ina maktaba yenye kiyoyozi. Maktaba! Mimi nimeshasoma kila kitu kilichomo nyumba hii, pamoja na maelezo ya dawa ya Bibi ya presha.

Mwaka jana Ami aliniuliza nasoma nini siku hizi. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Hind akajibu badala yangu. Alisema, "Huyu Bi Vitabu, Ami, anasoma mpaka karatasi za bajia." Ukumbi mzima ukacheka. Kisha akaleta sharbati yake ya maziwa, Ami akanywa gilasi mbili, akasema mikono hiyo ina baraka.

Hapo ndipo nilipojua. Anachokumbuka Ami ni kinywaji. Basi kama mdomo wangu hausemi, kinywaji changu kitasema.

Na leo Wazungu wamenipa siri yenyewe: umri. Chupa ya Ndevu Nyekundu imenizidi miaka. Waliipokezana kama mtoto mchanga. Mwembamba alisema kinywaji kichanga hakina adabu.

Nikateremka ngazi mbio. Hind hutengeneza sharbati yake asubuhi ya Idd. Asubuhi hiyo hiyo! Changa! Haina adabu, kama yeye! Yangu itakuwa na umri.

Jumatatu, 18 Desemba

Nimepata chupa tatu tupu kwa Msabah, kijana wa Kitumbatu anayefanya kazi nyumba ya wageni. Hakushangaa. Nani atashangaa? Asali ya Bibi imo ndani ya chupa ya wiski, mafuta ya nazi vilevile, na maji ya friji. Akauliza tu kama nnataka na vizibo vyake. Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu mpaka ushungi ukaniteleza.

Nimeziosha kwa maji moto na majivu. Mbili zimetoka karatasi. Ya tatu nimeiacha na karatasi yake: picha ya mnara na herufi za dhahabu. Ami ni mtu aliyetembea, atathamini kitu kilichochapishwa vizuri.

Ndani: tende, zabibu kavu, sukari guru, iliki, maji ya kisima yaliyochemshwa yakapoa. Na moshi! Ndevu Nyekundu anausifu sana moshi. Nikachukua chetezo cha Bibi, nikatia udi, nikazifukiza chupa kama tunavyofukiza nguo za harusi. Kisha nikakaza vizibo na kumwagia nta ya mshumaa juu, kwa sababu mwembamba anasema hewa ni adui. Zimo stoo ya Bibi, nyuma ya gunia la makaa.

Jumatano, 20 Desemba

Nimeficha kichupa cha Hind cha arki ya mawaridi, anayotia kwenye sharbati yake, ndani ya pipa la unga. Sioni haya. Vita ni vita.

Jioni Hind akaitafuta, akakosa. Akasema hakuna neno, atatumia mawaridi ya kweli. Akaenda kwa jirani akarudi na kikapu kizima. Nyumba nzima inanukia. Bibi kasema hiyo arki ya dukani hakuipenda tokea zamani. Kumbe nimemsaidia! Mimi! Na kesho zamu ya kukanda unga ni yangu.

Ijumaa, 22 Desemba

Alhamdulillahi! Sharbati imeanza kupumua. Nilipoimulika kwa tochi niliona vipovu vinapanda kimoja kimoja, taratibu, kama vinasoma tasbihi. Ndevu Nyekundu alisema juzi kwamba kinywaji kizuri kiko hai. Yangu iko hai!

Chuoni leo mwalimu kasomesha mlango wa vinywaji. Sikusikiliza. Nilikuwa nafikiria kinywaji.

Jumatatu, 25 Desemba

Ami Sleiman kafika. Nimembusu mkono, nikasema shikamoo. Nadhani niliisema. Kaitikia marahaba, kisha akaniuliza nataka kusomea nini. Nilikuwa na jibu! Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima! Likakwama hapa, chini ya kidevu. Hind akasema, "Muulize kwa barua, Ami, utajibiwa kurasa kumi."

Ami alicheka. Nimekwenda chooni, nimeuma taulo.

Juu ya paa Wazungu wanasherehekea sikukuu yao. Wamefungua chupa kubwa. Mnene kalia kwa ajili ya peasi. Ndevu Nyekundu kamkumbatia, kamwambia anamwelewa. Hakuna mtu nyumba hii anayenielewa mimi namna hiyo.

Jumanne, 26 Desemba

Nina hasira na mwezi.

Kila mtu alisema Idd ni kesho. Nikatoa chupa stoo, nikazipandisha juu ya paa ndani ya kikapu cha nguo, ili asubuhi nisipite mbele ya Hind. Magharibi tukatoka kuutazama. Mawingu. Redio ikasema haujaonekana. Kesho tunafunga!

Ami akasema kwa upole kwamba Maskati wameshatangaza Idd. Bibi akamjibu, "Mwezi wa Maskati ubaki Maskati, Sleiman. Hapa kwangu utalala na nia ya kufunga." Ami, mwanamume mwenye mvi na gari mbili, akasema naam, Mama.

Jumatano, 27 Desemba

Jua kali kama tanuri. Siwezi kuzirudisha chupa stoo, Hind yumo tangu asubuhi anapepeta mchele. Zimeshinda paani. Kizibo kimoja kimenyanyuka na kupasua nta. Nimevifunga vyote kwa kamba ya kuanikia nguo, mafundo matatu matatu.

Msabah akanichungulia ukutani, akaniuliza, "Dada, hiyo asali mbona inanguruma?" Nikamkazia macho. Wazungu wamekwenda Uroa kuoga, hapana wa kumwuliza. Watu hawapatikani unapowahitaji!

Alhamisi, 28 Desemba. Idd

Nitaandika kwa mpango.

Wanaume walirudi kutoka kuswali. Ukumbi ulijaa. Hind akaingia na sinia: maziwa, mawaridi yanaelea juu, barafu zinagongana. Nikaingia nyuma yake na chupa zangu tatu. Hakuna aliyeshtuka, walidhani ni asali.

Bibi akataka kuwa wa mwanzo. Nikafungua ya kwanza, ikatoa pumzi ndefu kama mtu aliyekaa foleni. Bibi akanywa. Akafumba macho! Bila ya kufundishwa! Akasema kinachoma kidogo, ni tangawizi? Akataka tena. Na tena. Kisha akavua miwani, akaanza kuimba nyimbo za harusi, zile ambazo wasichana hutolewa nje zikifika. Baada ya hapo akatuhadithia habari za nahodha mmoja wa Fumba aliyekuja kumposa kabla ya Babu, na mabega yake. Mama akaziba masikio yangu. Nilisikia yote.

Hapo Ami alikuwa ameshanyanyua gilasi yake. Akainusa. Akairudisha chini polepole, kama mtu anayeweka nge. Akauliza nani katengeneza hiki, na kimekaa muda gani.

Ndipo chupa ya mnara ikakata kamba. Mlio wa bunduki! Kizibo kikampiga Ami kwenye kofia, kofia ikaruka ikatua ndani ya sinia la Hind, kati ya mawaridi. Povu likamwagikia kanzu ya Ami ya Idd, yenye kishada cha shingoni kilichotiwa manukato.

Na mdomo wangu ukafunguka. Sijui kwa nini. Miaka yote umefungwa, ukachagua leo! Nikasema kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Darajani: ni mimi, Ami, na mbele utasikia tende, katikati zabibu, na mwisho moshi na ngozi ya kiatu kikuukuu, na usitie maji, wala usiidharau, kwa sababu hiyo ya Hind ni changa haina adabu na hii yangu ina umri!

Wote wakanigeukia. Hata Hind.

Ami akajifuta uso kwa leso. Akasema tende zilizolala majini usiku mmoja ni kinywaji cha halali, na wema waliotutangulia walikinywa. Zikiachwa mpaka zitoe povu, ni khamri, ni haramu. Akaniuliza, "Ulfat, mwanangu, hukusomeshwa mlango huu?"

Nikasema nilisomeshwa. Ijumaa.

Chupa zote zilimwagwa karoni. Nilizimwaga mwenyewe, Hind kanishikia tochi, maana umeme ulikuwa umekatika. Alikuwa akicheka kimyakimya, nilimwona mabega. Ami akamtuliza Bibi kwamba hana dhambi, kwani hakujua. Bibi akauliza kama imebaki nyingine ambayo bado hajaijua.

Ijumaa, 29 Desemba

Hind ndiye anayekwenda Maskati.

Mama kaniambia asubuhi, akiwa amenipa mgongo, anakaanga. Kumbe Ami alikuwa ameshaamua kunichukua mimi. Tangu mwezi wa kumi! Mama alimpelekea ripoti yangu ya skuli, akaisoma, akasema huyu ndiye. Pasi yangu ya kusafiria alishaulizia. Sharbati ya mwaka jana haikumbuki hata kidogo. Ana sukari, hunywa kwa kuona haya tu. Lakini hawezi kumpeleka kwa mkewe msichana anayepika khamri na kuisifu mbele ya mama yake mzazi. Kasema atakuja kunitazama tena Idd ya Hijja. Kama nitakuwa nimetulia.

Mchana Hind kaja mlangoni kwangu. Macho mekundu. Kasema hataki kwenda, huko hamjui mtu, nani atacheka akisema kitu. Kasema ningemwambia tu kwamba nnataka sana, angekataa zamani. Akaweka kichupa cha arki juu ya kitanda. Kimejaa unga.

Unafiki! Mtu hulia vipi na huku anakwenda kwenye maktaba yenye kiyoyozi?

Nimewafikiria wote wenye makosa. Mwezi, kwanza. Mawingu. Msabah, kwa vizibo vyake vinene. Bibi, kwa nahodha wake. Mwalimu wa chuo, anayesomesha mambo muhimu siku ya Ijumaa, wakati watu wana shughuli. Ndevu Nyekundu, ambaye jana kapita mlangoni, kasikia harufu ya karo letu, kasimama, kafumba macho. Msabah anasema kamwambia mnene hajapata kunusa kitu kama kile, kina udi, kina zabibu, lakini kifupi mno. Bado kichanga.

Kichanga!

Nimekaa na neno hilo mpaka alasiri. Kumbe ndilo. Povu ni utoto. Kinywaji kinachonguruma ni kinywaji ambacho bado hakijapata adabu. Mimi niliwahi mno kukifungua, basi, hilo tu. Kingeachwa kikazeeka, povu lingekwisha, kingetulia chenyewe, na Ami angekunywa akanyamaza. Na Idd ya Hijja bado iko mbali.

Nimeshuka karoni nikaiokota chupa ya mnara. Nimeiosha kwa majivu. Nimetia tende, zabibu, sukari guru na iliki, nikaifukiza udi, nikakaza kizibo. Safari hii nimefunga kwa waya. Nimeiweka stoo, nyuma ya gunia la makaa, kisha nikaenda juu kuanua nguo.