Manifodi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Julai 1974

Mungu mkubwa! Sijashika jembe tangu Pasaka. Wenzangu wote hapa Kimwani wameinama kwenye shamba la kijiji, mimi nimelala chini ya pikapu ya kijiji. Kivulini. Naitwa mhandisi! Injini ya pikapu ilipokufa nilisimama mkutanoni nikatangaza kwamba mimi, Privatus, nitaifungia injini ya lori lililopinduka karibu na kijiji, tena yenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili injini ipate pumzi za dume la ng'ombe. Watu wakapiga makofi. Ishengoma, katibu wa kijiji, hakupiga.

Leo kaja na daftari lake. Jumapili ni Saba Saba, kasema, mgeni anakuja kutoka wilayani, na pikapu lazima ipande kilima cha kanisa na magunia kumi ya kahawa. Ikishindwa, nachukua jembe kama watu wengine. Nikamjibu hata kumi na mawili. Sijui kwa nini mdomo wangu hauniulizi kwanza.

Jumanne, 2 Julai

Injini imekaa. Shafti ya magurudumu ya nyuma imeungana. Tatizo moja tu: manifodi, yaani lile bomba la vidole vinne linalokusanya moshi na kuupeleka kwenye turbo. Ile ya lori ni chuma cha kumimina, nzito kama dhambi, na ukiifunga, turbo inakaa palepale unapopita mti wa usukani. Gari ama lipumue, ama likate kona. Vyote viwili haviwezekani.

Nimepanda basi mpaka Bukoba, kwa fundi Burhani wa Hamugembe. Kanipa kahawa ya kutafuna, kanitazama kwa huruma. Atanichomelea manifodi ya mabomba mazito ya chuma, kasema, aipinde chini, turbo iwe mbali na usukani. Wiki mbili. Wiki mbili! Nimemwambia nina siku tano. Kanionya nisithubutu kuweka kitu chembamba, maana moto wa pale hukifanya chuma kiwe chekundu kama kaa. Mafundi wa mjini wanapenda sana kutisha watu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeipata!

Mama mkwe wangu, Ma Georgina, ni balozi wa nyumba kumi, mwimbaji wa kwaya, mtu wa rozari. Nyuma ya migomba yake, chini ya majani makavu, ana mtambo wa enkonyagi, ile pombe kali ya ndizi ambayo serikali imeikataza na nusu ya kijiji inainywa kwake. Na kwenye mtambo kuna bomba la shaba. Refu! Limeshapindwa! Uzuri wake, hawezi kushtaki. Ashtaki kwa nani, na balozi ni yeye?

Saa tisa kaenda mazoezi ya kwaya. Saa tisa na robo bomba lilikuwa chini ya koti langu. Saa kumi lilikuwa vipande vinne.

Ijumaa, 5 Julai

Nimeunga vipande kwa lehemu, ileile ya kuzibia sufuria. Inameta. Klaudia, mke wangu, kauliza shaba imetoka wapi. Nikasema Bukoba. Kauliza mbona inanuka kama kwa mama. Nikasema Bukoba kote kunanuka hivyo.

Jioni mama mkwe kapita. Kuna chombo chake cha jikoni kimepotea. Nikamuuliza kwa heshima zote ni chombo gani, mama waitu, akieleze kilivyo, mkwe wake atakitafuta hata kwa polisi. Kaitazama pikapu kwa muda mrefu. Alipoondoka nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya misa. Kijiji kizima kando ya kilima. Mgeni kwenye kiti. Ishengoma na bendi ya Walutheri, kavimbisha mashavu kwenye tarumbeta lake kubwa. Magunia kumi na mawili. Nikawasha. Ikanguruma! Turbo ikapiga mluzi! Machozi yakanitoka, na sioni aibu kuyaandika.

Nikapanda. Bomba likapata moto, na kila kilichoganda ndani yake kwa miaka kumi kikapata moto pia. Harufu! Enkonyagi tupu! Wazee wakaanza kulifuata gari nyuma, wakivuta pumzi. Mgeni kauliza kijiji hiki kinatumia mafuta gani.

Nusu ya kilima: puu! Lehemu ikayeyuka. Vidole vikadondoka kimoja kimoja, vikabiringika mpaka miguuni pa mama mkwe. Pikapu ikarudi kinyumenyume, polepole, ikaingia kwenye migomba ya padri.

Mama mkwe akaokota kipande kwa ncha ya kanga. Akakigeuza. Akakitia kikapuni, na cha pili, na cha tatu, na cha nne, akamweleza mgeni kwamba yeye kama balozi anahimiza usafi wa barabara. Nimeshinda, nikawaza. Hawezi kusema kitu!

Kisha akaomba neno moja zaidi. Mkwe wake, kasema kwa sauti tamu, ana nguvu nyingi sana, kijiji kimemwona. Apewe ule upande wa shamba wenye mawe. Yeye mwenyewe atajitolea kumsimamia. Mgeni kapiga makofi. Ishengoma kaandika.

Jumanne, 9 Julai

Malengelenge viganja vyote viwili. Mama mkwe anakaa kwenye kigoda na filimbi. Nikinyoosha mgongo, filimbi. Nikitema mate, filimbi. Burhani katuma salamu na mtu wa basi: bado yuko tayari kunichomelea ile ya chuma. Wiki mbili. Nani ana wiki mbili, na mgongo huu?

Jumamosi, 13 Julai

Nimeyafikiria makosa yangu kwa unyenyekevu. Kosa lilikuwa viungo. Viungo vingi mno!

Leo nikiwa shambani nimemwona Ishengoma na bendi yake chini ya mti, wamekaa. Nikauliza. Nikaambiwa siku ya mazoezi bendi hailimi! Na lile tarumbeta lake! Shaba nzito, limepindwa mara tatu, halina kiungo hata kimoja, na mdomo wake ni saizi ya turbo kabisa. Mambo ya vidole vinne nitayajua baadaye.

Nimemfuata Ishengoma, nimemwambia nyimbo za Kilutheri zimenigusa moyo. Kashangaa, lakini kafurahi. Jumatatu naanza. Nimeomba niruhusiwe kwenda nalo nyumbani, nijifunze.