Injinia Kapiga Windo Mpya

Haya, kitendawili, nawe itikia tega. Mlinzi wangu nikikaa naye yu macho, nikimpa kisogo anakoroma. Hujui? Basi sogea hapa Bangwe, kwenye benchi la kahawa la Bi Mwamvua, ziwa likiwa mbele yako, jibu litakukuta.

Habari ya siku ile ilitoka redioni: maombi ya chuo cha ualimu yanafungwa saa kumi alasiri. Saa nane ilikwishapita. Shadia, mjukuu wa Bi Mwamvua, alikuwa stesheneri ya jirani akijaza fomu kwa mara ya nne. Vyeti vyake vyote vilikuwa ndani ya kompyuta ya Gervasi, yule wanayemwita Injinia, nayo ilikuwa inakata mtandao na kumrudisha mwanzo.

"Juzi ilikuwa nzima," Bi Mwamvua alisema akimimina kahawa. "Injinia, mwanangu, jana uliipiga hiyo kompyuta windo mpya kwa nini?"

"Bibi, teknolojia inakimbia."

"Inakimbia, wewe imekuacha stendi," alidakia Telesphory, fundi mstaafu wa injini za boti, Profesa wa benchi. "Ila tatizo ni mnara. Ego, ndiyo, mnara. Upepo wa ziwa unautikisa."

"Mnara gani, Profesa?" Huyo ni Jean, muuza mitumba, anaitwa Redio maana hazimiki. "Waya huo huo wa mtandao umepita kwa jirani yetu Hasna, runinga yake inamwaga tamthilia tangu asubuhi. Mnara unamchagua Hasna?"

"Basi ni virusi."

"Kwako wewe hata ugali ukiungua ni virusi."

"Mimi sijajibiwa," alisema Bi Mwamvua.

Injinia akanyoosha kikombe kuomba kahawa nyingine.

Shadia akatoa kichwa dirishani, macho mekundu. "Bibi, imekata tena. Nimesimama kidogo tu kusoma namba ya cheti."

Bi Mwamvua akatua birika. "Na ukiwa unachapa?"

"Haikati."

"Kwa hiyo ukiigusa iko macho, ukitulia inasinzia. Hiyo haiumwi, Injinia. Inalala, kama wewe nikichelewesha kahawa."

Benchi zima likacheka, Injinia akaingia ndani shingo upande. Akafukua mipangilio ya kadi ya mtandao. Kweli, windo mpya ilikuwa imejiwekea tiki yenyewe: kadi ikikaa bila kazi izimwe, kuokoa umeme.

"Kuokoa umeme, Kigoma," alisema Redio. "Wakati umeme wenyewe huku unajiokoa kila siku bila kuombwa."

Injinia akaitoa tiki. Shadia akaanza mara ya tano, safari hii akituama kusoma kila namba, na mtandao ukamsubiri. Saa tisa na dakika hamsini na moja akasema taratibu, "Bibi, wameipokea."

Bi Mwamvua akakaa, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Haya, Injinia. Ulipiga windo mpya kwa nini?"

Gervasi akatazama kikombe, kisha akatazama ziwa lililotanda mbele yao hadi milima ya Kongo.

"Inakuja na picha kwenye skrini, Bibi. Nzuri sana. Ya ziwa."