Muhuri wa Kituo cha Barafu

Jumatatu, 4 Agosti
Imefika! Ila si yangu. Ya shemeji, kaka wa mke wangu. Nimefungua sanduku letu la posta (ufunguo ninao mimi tangu alazwe hospitali) na hiyo hapo: bahasha tupu, jina lake kwa mwandiko wake mwenyewe, na muhuri wa kile kituo cha watafiti cha kwenye barafu, kusini kabisa mwa dunia. Wa Februari, siku ileile walipokifunga. Hakuna atakayepata mwingine maishani! Tulituma bahasha zetu pamoja, mimi na yeye, zigongwe muhuri huko na kurudishwa. Yangu haijarudi. Mke wangu anasema nilisahau kuandika anwani ya kurudishia. Uzushi mtupu.

Jumanne, 5 Agosti
Hospitali. Shemeji amebaki mifupa. Swali lake la kwanza: posta kuna nini? Nikamjibu kwa uso mkavu kwamba hakuna kitu. Akageukia ukutani. Huko nje mke wangu akaniambia, huku akilia, kwamba daktari amekata tamaa, na kaka yake anachoomba ni kuuona ule muhuri tu kabla hajaondoka. Niliumia. Jamani, niliumia kweli. Bahasha nimeificha chini ya godoro, upande wangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepata akili! Yeye atauona muhuri, na mimi nitabaki na muhuri. Nimechonga mwingine kwenye soli ya ndala, herufi zote kinyumenyume. Kazi ya jasho! Stempu ya pengwini nimeibandua kwenye albamu yangu, mwandiko wake nimeuiga. Ile mbili ya Februari ilikatika kwenye wembe, nikachonga sita. Nani anaangalia mwezi? Mke wangu ameuliza ndala yake ya kushoto iko wapi. Nimemsingizia mbwa wa jirani.

Jumapili, 10 Agosti
Nimempelekea. Akaomba miwani. Kisha akaomba lenzi! Akatazama mpaka shati likanilowa mgongoni. Halafu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nesi akaja mbio. Alipotulia akanishika mkono, akasema asante shemeji, umehangaika. Ameingia mkenge! Nimetoka pale natembea kifua mbele.

Jumatano, 13 Agosti
Shemeji amefariki alfajiri. Nimelia, tena kwa sauti, hata majirani wameshangaa. Mtaa mzima hakuna mwingine anayejua tofauti ya muhuri wa mkono na wa mashine. Sasa nitabishana na nani?

Ijumaa, 15 Agosti
Tulimzika jana. Leo mke wangu amenikalisha chini. Amesema kaka yake alimwachia ujumbe wa kunipa: Juni kule ni giza mchana na usiku, na kituo kilikuwa kimeshafungwa, hakuna hata wa kuwasha taa, sembuse wa kugonga muhuri; na aliyeuiga hivyo lazima wa kweli anao. Kumbe alijua! Alinishukuru huku anajua! Mke wangu akaenda moja kwa moja chumbani, akanyanyua godoro. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema kaka yake alikuwa anakufa, na kumfurahisha ilikuwa ni kunyoosha mkono tu, nami nikampelekea ndala. Akaichukua bahasha, akafungasha nguo zake, akaenda kwao. Nilimfuata hadi getini nikimwomba angalau asiikunje.

Jumapili, 17 Agosti
Nyumba kimya. Nimejipikia, nimeunguza. Simu zangu hapokei. Nimetafakari kwa kina nilipokosea, na nimepaona: ni wembe. Soli nene inataka kisu.

Mchana nimesoma kwamba kuna kituo kingine, huko kaskazini kwenye theluji, ambacho nacho kitafungwa. Moyo umenipiga paa! Nimeandaa bahasha mbili, na anwani safari hii nimeiandika kubwa. Moja kwa jina langu. Nyingine kwa jina la marehemu, maana yeye walikuwa wanamjibu.