Maana Sitini za "Get"

Jumatatu, 3 Machi
Somo la tisa. Neno la Kiingereza bado ni get. Niliwatangazia wanafunzi wangu kumi na mmoja kwamba lina maana sitini, na kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, tunachukua moja. Hiyo ni miezi mitatu ya kuitwa Mwalimu hapa Shieywe. Mimi niliyeishia darasa la saba! Mukhwana wa bodaboda akauliza lini tutafikia zile anazosikia kwa abiria wake wa chuo cha Bukura. Nikamwambia asiruke foleni.

Jumanne, 4 Machi
Wamekuja wanne. Wanne! Mama Jael, muuza nyanya, akasema bila haya kwamba wenzake wako kwa Christine, yule msichana aliyehamia nyumba ya pili. Eti amemaliza get jioni moja. Kupata, kuleta, kufika, kuelewa, kuugua, kukasirika, basi. Huo ni wizi. Maana hamsini na nne amezitupa wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Nilienda kumpeleleza, kofia ya baridi imefika kwenye nyusi. Hana hata ubao. Anawatuma tu kwa Kiingereza: leta maji, fika mlangoni, leta kiti. Mukhwana alinitambua kwa viatu. "Mwalimu, karibu ukae. Huku tunaendanga mbio." Wakacheka wote. Nikakaa nimenuna. Baada ya nusu saa nikajikuta nimebeba ndoo.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Jael alialika darasa zote mbili kwake. Ingokho, yaani kuku, na ugali wa obusuma, watu wamejaa. Nikasimama, nikamtaka Christine ataje maana zote sitini mbele ya mashahidi. Akajibu kwamba anajua kama kumi hivi, zingine atauliza. Nikajua nimemmaliza.

Mama Jael akachukua firigisi, ile tunayomwekeanga mzee wa heshima, wanawake wasiiguse kabisa. Akaiweka kwenye sahani ya Christine.

"Mwalimu ale kwanza," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Andati, wewe shika shingo."

Andati. Hivyo tu, bila Mwalimu. Na shingo yenyewe ilikuwa ngumu.

Jumapili, 9 Machi
Nimebaki na mzee Osiako peke yake. Hasikii vizuri, na anapenda kiti changu chenye mto. Nimekaa asubuhi nzima natafuta kosa langu, na nimelipata. Get ni neno dogo mno. Maana sitini mtu yeyote anazimaliza.

Kesho naanza set. Ina mia moja na ishirini.