Ndege Zinatua, Ndege Wanatua

Jumatatu, 3 Machi

Leo miaka thelathini na mmoja tangu tuondoke kwetu. Nimekumbuka kwa sababu goti limeniuma. Mke wangu naye amekumbuka, ila hakusema. Ameimba tu akiosha vyombo.

Mkutano wa Chama chetu cha Watazama Ndege, chumba cha juu ya duka la dobi. Sakafu ya moto kwa mvuke wa pasi za chini. Sisi wazee watupu, sote tuliotoka bandari ile ile. Ajenda: safari yetu ya nje ya mwaka huu. Katibu wa Safari ni mimi. Tangu chama kianze ni mimi! Mwaka jana niliwapeleka kwenye kinamasi ng'ambo ya mpaka. Safari nzuri sana. Kweli matope yalifika magotini, na kweli yule korongo niliyewaonyesha asubuhi nzima alibainika kuwa kigingi cha uzio. Lakini hewa!

Leo Daktari wa Meno kasimama. Mstaafu, mjane, mdomoni meno yote bado yapo, na hilo peke yake latosha kumchukia mtu wa umri wetu. Katoa picha za meli ya kitalii. Sitaha juu ya sitaha kama keki ya harusi. Anasema hakuna matope, hakuna kutembea. Mtu unakaa kitini, chai mkononi, ndege zinakufuata zenyewe.

Nikamsahihisha: wanakufuata wenyewe. Ndege mwenye damu huenda na "wa"; yenye injini ndiyo ya "i" na "zi". Nimesahihisha vitabu kwenye kiwanda cha chapa maisha yangu yote, siwezi kunyamazia ngeli ikichinjwa mbele yangu. Watu wakacheka. Nilidhani wanamcheka yeye.

Kisha akatoa la mwisho. Meli itashinda siku moja bandarini kwetu. Kwetu! Mke wangu akanyoosha mkono kabla Daktari hajamaliza sentensi. Mwanamke huyu ukimuuliza kama anataka chai, hufikiri kwanza.

Nimeomba nafasi ya kuleta mpango wangu. Wamenipa, kwa huruma. Kura Jumapili ya tarehe 16. Mke wangu akipanda meli ya yule, mimi nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kanunua kofia. Ina kamba ya kufunga kidevuni. Daktari kamshauri, eti sitahani kuna upepo. Tangu lini madaktari wa meno wakaandikia watu kofia?

Jikoni nimemwigiza Daktari. Nimejaza mkate mashavuni kama mtu aliyetiwa pamba, nikasema, "Ndege zimetua! Ndege zimeruka! Fungua mdomo!" Mke wangu kacheka mpaka chai ikamwagika. Nimefurahi sana. Nikaigiza tena. Nikaigiza mara nyingi. Mwishowe akafuta meza akasema, haya Baba Watoto, lakini mwenzio anapeleka watu mahali.

Nikautema mkate.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya kwanza: kichefuchefu. Nimemweleza mke wangu kwa kirefu jinsi bahari inavyopindua tumbo. Kasikiliza vizuri. Kisha akauliza ni nani, siku tuliyoondoka kwetu, alitapika ndani ya kofia ya mtu asiyemjua.

Mbinu ya pili: nimeshuka kwa Mama Dobi, mwenye jengo, ambaye ulimi wake hufikisha habari kabla ya simu. Nikamnong'oneza kwamba Daktari hawezi kutofautisha shakwe na shuka iliyoanikwa. Mama Dobi hakuinua hata pasi. Akasema, "Mzee wangu, mwenye wivu ajinyonge, lakini si kwenye kamba zangu. Zina nguo za watu."

Mbinu ya tatu nimeipata nikipanda ngazi. Nzuri mno! Bata wa mbao.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya aibu. Naandika kwa ajili ya ukweli tu.

Asubuhi na mapema nilikwenda peke yangu kwenye bwawa la bustani ya mjini, nikamtia bata wangu wa mbao pembeni mwa matete. Nimempaka rangi mwenyewe. Mzuri kuliko wa kweli. Nia: wenzangu wakifika, Daktari amsifie bata, nami nimfichue mbele ya wote, hasa mbele ya mtu mmoja mwenye kofia mpya.

Wakafika. Daktari akainua darubini yake, ile kubwa kama mapacha walioshikana. Akasema pale kwenye matete kuna bata jike, tena anaonekana amelalia mayai. Nikaangua kicheko. Nikawaambia jamani, huyo ni mti! Daktari wetu ameshindwa kujua kiumbe na kipande cha ubao, na huyu ndiye atakayetuongoza baharini! Nikaokota kokoto nikamrushia bata ili wasikie akilia ko, ko.

Akaruka. Akapita juu ya vichwa vyetu akipiga kelele kama mama mkwe.

Bata wangu alikuwa ameelea mpaka upande wa pili. Mtoto mmoja alikuwa anamlisha mkate.

Mke wangu amerudi nyumbani kwa gari la Daktari. Eti miguu.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kaenda kwa Daktari pamoja na Mama Dobi. Wanafundishwa kurekebisha darubini. Saa tatu nzima! Darubini ina gurudumu moja tu.

Nimekaa mezani na hasira zangu nikamwandikia barua pepe binti wa ofisi ya wakala wa safari. Binti wa watu, amezaliwa huku huku, ila Kiswahili anakisoma na anajitahidi. Safari yangu itaipita ile meli kwa mbali. Nimeandika hivi:

"Sisi ni wazee wapole. Tunaomba nyumba ya wageni nchi yoyote nzuri, iliyo jirani kabisa na mahali ambapo ndege zinatua kwa wingi alfajiri. Tungependa kuziona tukiwa kitandani. Kelele zake si tatizo. Kwetu sisi ni muziki."

Nimeisahihisha mara kadhaa. Nimeondoa mkato mmoja, kisha nikaurudisha. Sasa imekamilika. Nimeituma.

Jumatano, 12 Machi

Majibu! Binti ni hodari kuliko nilivyodhani. Kapata nyumba nchi jirani. Anasema hakuna iliyo karibu zaidi ya hiyo, zikishuka madirisha yanatikisika. Juu ya paa kuna viti, na mgeni huona matumbo yake kwa macho bila darubini. Kubwa kubwa hutua alfajiri, ndogo ndogo mchana kutwa. Zinatoka mabara yote na hazikosei saa zake.

Wahamaji! Makundi makubwa ya wahamaji, kutoka mabara yote! Na madirisha yanatikisika kwa mabawa! Sijapata kusoma habari ya kitu kama hiki katika kitabu chochote cha ndege, na nimevisoma.

Upatanisho wake umenikera kidogo. "Matumbo yake", "hazikosei". Vijana wa siku hizi hawajui ngeli. Nimemsamehe. Kanitumia na filamu fupi. Sitaitazama. Nataka nishangae pamoja na wenzangu.

Mchana nimepiga mluzi. Mke wangu kaniuliza nina nini. Nikamwambia subiri Jumapili. Akanitazama kama anayepima homa.

Jumapili, 16 Machi

Nimevaa suti.

Daktari alianza. Akasema machache. Meli, bahari, siku moja kwetu, akaketi. Wazee wawili walikuwa wanafuta macho. Mbinu rahisi hizo.

Nikasimama. Nikazungumza juu ya uhamaji wa ndege, juu ya nyota zinazowaongoza, juu ya kiumbe mwenye uzito wa barua anayevuka bahari kurudi kwenye tawi alilozaliwa. Sauti ilinitetemeka hapo, sijui kwa nini. Kisha nikasema maneno yamekwisha, tazameni wenyewe. Mama Dobi akazima taa. Filamu ikaanza ukutani.

Paa. Viti. Anga tupu. Kisha ngurumo.

Tumbo jeupe, magurudumu yananing'inia, likapita ukutani kutoka kona hadi kona. Chumba kilitikisika. Ikaja nyingine. Na nyingine.

Mama Dobi akauliza gizani huyo anaitwaje, na kama anataga.

Nikatafuta kitufe cha kuzimia, nikaongeza sauti.

Taa ziliporudi, Daktari wa Meno aliomba kuiona barua yangu. Akaisoma taratibu. Akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniua, "Katibu, ndege wanatua."

Mimi! Msahihishaji! Kwa ajili ya kumwigiza yeye jikoni! Ugonjwa wa ulimi wake umeniambukiza mimi, na yeye amepona!

Kura: meli. Mikono yote isipokuwa wangu na wa mke wangu. Aliuweka mkono wake mapajani akanigeukia. Akasema mbele ya wote, bila kucheka, "Baba Watoto, twende sote." Kisha Daktari akaongeza lililo baya zaidi. Amekwisha zungumza na watu wa meli. Wanataka mtu wa kuwaeleza abiria habari za ndege kila asubuhi. Amelitaja jina langu. Chumba chetu kitakuwa upande wenye dirisha.

Wanadamu wengine hawana haya. Wanakupiga, kisha wanakushika mkono usianguke.

Nimesema nina shughuli. Mke wangu akanyoosha mkono. Taratibu sasa, kama mtu anayeulizwa kuhusu chai.

Jumanne, 18 Machi

Mke wangu amekuja kukaa kitandani upande wangu. Akaniambia dada yake atasimama gatini siku meli itakapotia nanga kwetu. Ni mzee, macho yanafifia, na hii ni mara ya mwisho watakayoonana wakiwa wote wanaona. Meli ndiyo njia pekee ambayo miguu yake yeye mke wangu itaiweza. Na Daktari, yeye mke wangu hana habari naye hata kidogo, ila ana habari na meli.

Nikamwambia sijasema kitu juu ya Daktari.

Akasema, "Umemsema mpaka ukutani pana jina lake." Kisha akauliza naogopa kuona nini kule. Nikajibu siogopi. Shakwe wapo hata huku. Nikamweleza na tofauti ya shakwe wa kule na wa huku, rangi ya miguu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema haya. Akaniwekea soksi zangu juani.

Jumamosi, 5 Aprili

Meli imeondoka. Nilikwenda kuaga kwa sababu ya adabu.

Daktari kambebea mke wangu begi. Begi dogo! Nilimwambia analiweza mwenyewe. Mke wangu akasema, "Na wewe mkono ulikuwa wapi?" Ulikuwa mfukoni. Ulikuwa na baridi.

Nilisimama gatini na darubini. Niliwaona wazi sitahani. Kofia na kamba yake. Ghafla shakwe akapita, akamnyea Daktari begani. Nikaruka kwa furaha! Kisha nikaona wote wanampongeza. Kwa wazee wetu hiyo ni ndege njema, bahati ya safari. Hata hiyo kapewa yeye.

Mke wangu alipunga mkono mpaka meli ikawa ndogo. Nami nilipunga. Sina hakika kama aliniona. Nimeikaza darubini mno, jicho linavuja maji.

Alhamisi, 17 Aprili

Mke wangu kapiga simu kutoka kwetu.

Dada yake alimpapasa uso kwanza, kisha akamgombeza kwa kukonda. Sasa wamekaa uani wanamenya kitu, hakusema nini, ila nilisikia kisu. Nyumba yetu ipo. Mlango wamepaka buluu. Nimesema haukuwa na haja ya buluu. Akasema, "Hebu nyamaza usikilize," akainua simu juu.

Ndege. Mmoja, karibu sana.

Akauliza kama namkumbuka yule kurumbiza wa pale uani. Nikamwambia huyo si kurumbiza, ni shore, kurumbiza humalizia sauti juu. Akasema ni kurumbiza. Nikasema asogeze simu. Akasogeza. Nikasikiliza. Alikaa mkono juu muda mrefu, mzee mwenzangu yule, na mkono wenyewe unamuuma. Alipouliza "Umesikia?" nikajibu ni shore.

Alikuwa kurumbiza.

Daktari hakushuka chini kabisa. Mke wangu asema kakaa sitahani kutwa, anaogopa kwenda kuona makaburi. Nimeona huo ni ulegevu mkubwa kwa mtu mzima.

Lakini huko sitahani atakuwa amewaona ndege wangapi ambao mimi sijawaona! Na leo mke wangu amemsikia yule kurumbiza bila simu. Haiwezekani. Nimekwisha mwandikia binti wa ofisi. Nataka meli ndefu kuliko ile, sitaha nyingi zaidi, ipite kila bandari ya dunia isipokuwa moja. Mwaka ujao nitaileta mkutanoni mapema, kabla yule hajafungua mdomo wake wenye meno. Barua sikuisoma mara ya pili. Hakuna haja. Naijua kazi yangu.

Mke wangu kauliza, kabla ya kukata simu, awasalimu nani na awaambie nitakuja lini. Nimesema wasalimu wote. Kuhusu lini, nimesema hapa simu haisikiki vizuri.

Ilisikika vizuri sana. Kwetu sirudi.